Kabla hujalalamikia bei ya bima ya gari, soma ulichojaza kwenye fomu

Dada wa Madai (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka kumi na moja upande wa madai ya bima za magari, kwanza ndani ya kampuni, sasa kwa dalali. Kazi yangu ni kumpokea mtu ambaye gari lake limeumia na kutembea naye na makaratasi mpaka hela itoke. Wiki iliyopita nilimpokea jirani yangu, kijana ninayemheshimu. IST yake namba D ilibondeka mbele usiku, maeneo ya Mwenge. Ana bima kubwa. Alilipa kwa wakati, pesa yake ya jasho. Nikashindwa kumsaidia.

Kwenye fomu ya maombi, mahali pa matumizi ya gari, pameandikwa "binafsi". Siku ya ajali alikuwa amebeba abiria wa teksi mtandao, na maelezo ya abiria yamo kwenye faili la trafiki. Kampuni imekataa dai. Kilichoniuma ni kwamba fomu hakuijaza yeye. Wakala alimjazia, akamwambia "weka sahihi hapa", akaweka. Labda hata hakuulizwa.

Kwa hiyo naandika uzi huu kwa ajili ya yeyote ambaye stika yake ya bima inakaribia kuisha.

Tuanze na msingi. Bima ndogo ndiyo ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kinachotembea barabarani. Inamlinda mtu wa tatu: uliyemgonga, akiumia au akifa, na mali yake uliyoiharibu mpaka kiwango kilichotajwa kwenye mkataba. Gari lako wewe halimo. Kwa gari dogo la binafsi ni shilingi 100,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000. Ukiwa na Passo kuukuu au Harrier iliyotoka bandarini jana, bei ni ileile, maana kinachokadiriwa hapo si gari lako bali madhara unayoweza kumfanyia mwenzako.

Bima kubwa inabeba hayo yote na kuongeza gari lako: ajali, moto, wizi. Hapo bei inafuata thamani. Kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi kinaanzia asilimia 3.5 ya thamani. Gari la milioni 14 ni 490,000, VAT 88,200, jumla 578,200. Gari la biashara lina kiwango cha juu zaidi, na la abiria huhesabiwa mpaka viti. Sababu ni ya kawaida kabisa: gari linaloshinda barabarani kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane linakutana na ajali nyingi kuliko la mtu anayekwenda kazini na kurudi.

Katikati ya hizo mbili ipo ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Watu wengi hawaijui kwa sababu mawakala wengi hawaitaji. Kwa mwenye gari la zamani anayeogopa kuibiwa kuliko kugonga, inafaa aiulizie.

Vitu viwili vinavyoamua bei yako, yaani thamani na matumizi, ndivyo hivyohivyo vitakavyoamua kama utalipwa. Ukipunguza bei kwa kusema uongo kwenye kimoja, umepunguza na malipo yako siku ya shida. Hilo ndilo nililotamani jirani yangu alijue mapema.

Karibuni maswali. Nitajibu ninayoyajua.

---

Kipanga wa Mbagala

Dada, nakuheshimu, lakini mimi nasema waziwazi: miaka sita nimelipa bima kubwa, sijadai hata shilingi. Mwaka wa saba nimekwaruza mlango na bampa, fundi kasema laki tatu na nusu. Nikapeleka, nikaambiwa kuna eksesi, nitapata kidogo mno. Sasa miaka sita yangu imekwenda wapi?

---

Dada wa Madai

Kaka Kipanga, uchungu wako ni halali na sitaupuuza. Nieleze tu eksesi ni nini, maana hakuna neno linalowagombanisha watu na kampuni kama hilo.

Eksesi ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kwenye kila dai. Mara nyingi ni asilimia fulani ya dai, na ina kima cha chini. Tuseme mkataba unasema asilimia 10 lakini isipungue 250,000. Kwenye dai la 350,000 asilimia 10 ni 35,000 tu, lakini kima cha chini kinashika, unabaki na laki moja. Kwenye dai la milioni 6, eksesi ni 600,000 na wanakulipa milioni 5.4. Bima haikutengenezwa kwa mikwaruzo. Imetengenezwa kwa siku ile ambayo huna pa kuitoa hela.

Ila kuna jambo ambalo ulipaswa kuambiwa na naona hukuambiwa. Miaka sita bila dai ni mtaji. Kampuni nyingi zina punguzo kwa mteja asiyedai, na ukidai mkwaruzo wa laki moja unaweza kulipoteza. Kabla ya kudai kitu kidogo, uliza: "Nikidai hiki, mwakani ada yangu itakuwaje?" Kama jibu linazidi ile laki, mlipe fundi mwenyewe. Na ukihamia kampuni nyingine, omba barua ya historia ya madai yako uende nayo.

---

Mzee wa Noah

Wakala wangu mwaka jana aliniambia niandike thamani ndogo ili nilipe kidogo. Noah yangu sokoni haipungui milioni 14, tukaandika 8. Nililipa laki tatu na kitu. Mbona sijapata tatizo?

---

Dada wa Madai

Mzee wangu shikamoo. Hujapata tatizo kwa sababu hujapata ajali, na Mungu aendelee kukulinda. Lakini naomba tukae na kalamu.

Milioni 8 kwa asilimia 3.5 ni 280,000, na VAT ni 330,400. Kama ungeandika milioni 14 ungelipa 578,200. Umeokoa 247,800.

Sasa Noah igongwe, gereji iseme milioni 4. Mikataba mingi ina kanuni ya wastani: kama umekatia bima sehemu tu ya thamani, unalipwa sehemu hiyohiyo ya hasara. Nane kwa kumi na nne ya milioni 4 ni 2,285,714. Toa eksesi, na kwa mkataba ule wa mfano asilimia 10 haifiki 250,000 kwa hiyo kima cha chini kinashika, unabaki na kama 2,036,000. Ungeandika thamani ya kweli ungepata 3,600,000. Uliokoa 247,800, ukapoteza zaidi ya milioni moja na nusu kwenye ajali moja. Na gari likiungua lote au likiibwa, mwisho wako ni hiyo milioni 8. Noah nyingine hupati.

Kinyume chake nacho kina hasara. Wapo wanaoandika milioni 20 kwa gari la 14 wakidhani watalipwa 20. Kampuni inalipa thamani ya soko siku ya hasara. Ile ada ya ziada umeitoa bure. Na gari linashuka thamani kila mwaka, kwa hiyo usikubali wakala anakili namba ya mwaka jana bila kuuliza gari linauzwaje leo. Ingieni kwenye kurasa zinazouza magari, angalieni tatu au nne zinazofanana na lako kwa mwaka na hali. Dakika kumi zinatosha.

---

Mzee wa Noah

Marahaba binti yangu. Kesho naenda kwake.

---

Fundi Bodi

Naongezea kwa upande wa gereji maana haya nayaona kila siku.

Moja: gari likishagongwa, msianze kulitengeneza kabla mkadiria hasara hajaliona. Watu wananiletea gari, wananiambia "nyoosha haraka kesho nina safari", halafu wanakwenda kudai. Mkadiria akija anakuta rangi mbichi. Anaandika nini? Piga picha pande zote, na bampa lililovunjika usilitupe.

Mbili: kuna kitu kinaitwa uchakavu. Gari lako la mwaka 2005, taa ilikuwa imefifia, unafungiwa taa mpya. Kampuni inaweza kukukata kiasi kwa sababu umepata kitu bora kuliko kilichoharibika. Siyo wizi, imo kwenye mkataba, lakini watu hawaisomi.

Tatu: aina ya gari. IST, Vitz, Noah, spea zake Ilala zinapatikana asubuhi hiyohiyo, za used na mpya. Gari la Ulaya la kisasa, taa moja ya mbele inaweza kufika mamilioni na unaisubiri wiki kadhaa. Kampuni zinajua hilo. Usishangae wanakuwekea masharti mazito au kiwango cha juu kidogo.

---

BintiKigamboni

Naomba msaada, nimesoma hapa mpaka tumbo limeanza kuniuma. Nimenunua gari mwezi uliopita kwa mtu. Stika ya bima kubwa bado ina miezi mitano. Kadi ya gari bado ina jina lake, tulikubaliana tutabadilisha baadaye. Niko salama?

---

Dada wa Madai

Mdogo wangu, hapana. Tafadhali usiendelee kuliendesha hivyo.

Bima kubwa ni mkataba kati ya kampuni na mtu, haigandi kwenye chuma. Mwenye mkataba ni yule aliyekuuzia, na yeye gari si lake tena, kwa hiyo likiharibika hana anachopoteza. Wewe unayepoteza huna mkataba. Ukipata ajali, kampuni itauliza gari ni la nani, na hakuna kati yenu atakayeweza kujibu vizuri.

Fanya mambo mawili wiki hii. Anza kubadilisha umiliki TRA, yaani mamlaka ya mapato, mkataba wa mauziano uwe na sahihi za wote. Halafu nendeni wewe na muuzaji kwenye kampuni, waambieni gari limeuzwa. Watakubali kuhamishia bima kwako kwa maandishi, au watamrudishia sehemu ya ada na wewe ukate yako. Neno la mdomo kutoka kwa wakala halitoshi, chukua karatasi.

---

Mwananchi wa Leicester

Nasoma kutoka Uingereza, nimefurahi kuona mada hii kwa Kiswahili.

Huku hesabu ni tofauti sana. Bei inamfuata dereva kuliko gari: umri wako, mtaa unaolala gari, kazi yako, kilomita unazotembea kwa mwaka, miaka uliyokaa bila kudai. Kijana wa miaka 18 anaweza kuulizwa ada inayozidi bei ya gari lenyewe, kwa hiyo wengi wanakubali kufungiwa kifaa kinachopima wanavyoendesha. Zamani wasichana walilipa pungufu kuliko wavulana, lakini mahakama ya Ulaya ilizuia, na tangu Desemba 2012 jinsia haitumiki tena. Ndugu yangu yuko Marekani, kule majimbo mengi wanaangalia mpaka rekodi yako ya kulipa mikopo. California wamekataza.

Swali langu: nyumbani umri wa dereva hauhesabiki kabisa?

---

Dada wa Madai

Asante sana kaka. Kwenye ada ya gari la kawaida, umri haugusi sana. Lakini unatokea mlango mwingine: mikataba mingi inaongeza eksesi kama anayeendesha ni kijana au leseni yake ni changa. Kwa hiyo mzazi anayempa mwanawe gari la nyumbani asome kipengele hicho. Na leseni iliyoisha muda, au isiyo na daraja la gari unaloendesha, inaua dai moja kwa moja. Nimeona dai la lori zima likifa kwa leseni iliyokuwa imeisha wiki tatu tu. Hii angalieni hata sasa hivi, toeni leseni mfukoni.

---

MamaWawili

Mimi nina bima ndogo. Mwezi wa tatu nilimgusa bodaboda, akavunjika mguu. Ndugu zake walikuja juu, nikaandika karatasi palepale kwamba nitagharamia matibabu yote. Nimeshatoa 1,900,000 na bado wanadai. Nilikuwa sijui kwamba bima ndogo ingeweza kunisaidia.

---

Dada wa Madai

Pole sana dada yangu. Hiyo ndiyo kazi hasa ya bima ndogo, na mamia ya watu wanailipia kila mwaka wakidhani ni stika ya kumwonyesha trafiki.

Siku ya ajali mhudumie majeruhi kwanza, mpeleke hospitali, hiyo ni ubinadamu na ni sheria. PF3 ipatikane polisi kwa ajili ya matibabu. Lakini usiandike popote kwamba kosa ni lako au kwamba utalipa kila kitu. Karibu kila mkataba unakukataza kukiri au kuahidi malipo bila kampuni kujua, kwa sababu unaifungia mlango wa kujitetea. Ripoti polisi, ripoti kampuni haraka, siku hiyohiyo ukiweza. Baadaye utahitaji fomu za polisi: PF 90, PF 93 ya ukaguzi wa gari, PF 115 na mchoro wa ajali, na nakala za leseni, kadi na bima.

Kwako wewe naomba usikate tamaa. Kama polisi waliandika, ajali ipo kwenye kumbukumbu. Kusanya risiti zote za hospitali, nenda kwenye kampuni uwaeleze ukweli mzima pamoja na ile karatasi. Wanaweza kusumbua kwa sababu ya kuchelewa. Wakikataa, waombe sababu kwa maandishi, upeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo imeundwa kwa sheria ya bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama wewe wasio na mwanasheria. Jirani yangu naye nimemwelekeza huko, ingawa sikumficha kwamba hoja yake ni nyembamba. Na kama abiria wake atadai kwa kuumia, kampuni inaweza kulipa halafu ikamgeukia yeye.

---

Kipanga wa Mbagala

Na mafuriko? Mvua za masika 2024 gari la shemeji yangu lilizama.

---

Dada wa Madai

Hapa pana utata mwingi, kaka. Mikataba mingine ya bima kubwa imeyajumuisha mafuriko, mingine unaongezea kwa kulipia. Lazima uione kwa macho yako kwenye karatasi. Na hata ikiwemo, kuna tofauti kati ya gari lililokuwa limeegeshwa nyumbani maji yakalikuta, na gari ambalo dereva aliliingiza Jangwani akiona maji yamefika kwenye rimu. Injini ikinywa maji kwa namna ya pili, mkadiria anaweza kuandika kwamba ni uzembe, na kuna mikataba inayotoa nje uharibifu wa injini wa namna hiyo. Maji yakiingia, usipige stata. Likokotwe.

Fujo na vurugu za kisiasa nazo kwa kawaida hazimo mpaka uongeze. Vioo vya pembeni, redio na vifaa ulivyofunga mwenyewe vina kikomo chake, vitaje kwenye fomu vikiwa na bei. Na mnaokodisha magari, hili sikilizeni kwa makini: mteja akichukua funguo kwa hiari yako kisha akatokomea, kampuni nyingi hazihesabu kuwa ni wizi, maana ulimkabidhi wewe. Ulizeni kabla, si baada.

---

Dereva wa Tunduma

Sisi wa njia ya Zambia na Kongo, stika ya Tanzania inatosha?

---

Dada wa Madai

Haitoshi. Ukivuka unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilishajitoa COMESA lakini kwenye mpango wa kadi bado imo. Inabeba madhara kwa mtu wa tatu kwa mujibu wa sheria ya nchi uliyomo, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Gari lako lenyewe haliingii humo. Kama una bima kubwa, uliza mipaka yake ya kijiografia na ulipie kuipanua kabla ya safari.

---

Fundi Bodi

Da, wakumbushe na stika feki.

---

Dada wa Madai

Asante fundi. Kila stika halali iko kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Fungua tovuti ya TIRA MIS, weka namba ya gari au namba ya stika, usome: jina la kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na kuisha. Fanya hivyo ukiwa bado umekaa mbele ya wakala, kabla hujaondoka. Sheria yetu ni lipa ndipo ulindwe, kwa hiyo kama wakala amekaa na hela yako mfukoni na hajaingiza kitu, wewe huna bima hata kama mmepeana mikono. Nimewahi kumpokea mjane ambaye mumewe aliuziwa stika ya bima ndogo kwa bei ya bima kubwa. Risiti ilikuwa kubwa, mfumo ukasema ndogo.

---

BintiKigamboni

Nimerudi. Nimeangalia kwenye mfumo sasa hivi. Stika ya gari nililonunua ni ya bima ndogo. Muuzaji aliniambia kubwa, na aliniongezea laki tatu kwenye bei kwa sababu hiyo.

---

Dada wa Madai

Pole mdogo wangu. Piga picha ukurasa huo uonekane na tarehe ya leo, kisha nitumie ujumbe wa faragha. Kesho saa tatu niko ofisini, njoo na mkataba wa mauziano. Na gari lilale nyumbani.